Siku nzima niko nyumbani na simu inanimaliza, wenzangu mnafanya nini cha mikono?

KitiChaDirishani:

Wakuu habari za muda huu. Nina swali ambalo wengine mtaliona la kitoto ila naomba mnivumilie. Mambo ya kazi yamebadilika kwangu, siku hizi nashinda nyumbani karibu wiki nzima, wenzangu wakishatoka asubuhi nabaki mimi na kuta. Nafagia, naosha vyombo, naanika nguo, nikimaliza naangalia saa, saa nne. Hapo ndo balaa linapoanza, nashika simu nicheki kitu kimoja tu, nakuja kushtuka saa nane, shingo imekaza, macho yanawasha, na ukiniuliza nilikuwa naangalia nini siwezi kukutajia hata kimoja. Sina msongo wala huzuni, nakula vizuri nalala vizuri, shida yangu ni kwamba siku inapita haiachi kitu. Jioni mtu anauliza umeshindaje nasema salama, basi, mazungumzo yameisha.

Sasa nataka kitu cha kufanya kwa mikono, cha hapa hapa ndani, kidogo. Na nikisema kidogo ni kidogo kweli, sitafuti fursa wala kiwanda, watu wa fursa leo mnisamehe jamani. Mikono yangu haijawahi kushika sindano zaidi ya kurudishia kifungo, na hicho kifungo kilitoka tena. Nyie mnaoshinda nyumbani na mna amani zenu huwa mnafanya nini? Mlianzia wapi? Na mnafanyaje msiache njiani, maana mimi najijua, wiki ya kwanza moto, ya pili sikumbuki hata kitu nimekiweka wapi.

Mpenda_Shuka:

Kazi yangu ya mikono ni kuvuta shuka hadi kichwani saa nane mchana mkuu. Ukitaka mafunzo nicheki inbox, bure kabisa.

BibiNyuzi:

Huyo wa shuka muacheni na shuka lake 😂

Karibu mwanangu. Mimi ningekwambia anza na kroshia, yaani kufuma kwa sindano moja yenye ndoano, sio kwamba ni rahisi kuliko vyote, ila kroshia haina kinyongo na mtu. Ukikosea unavuta uzi, kazi inafumuka yote, uzi uko vile vile, unaanza upya. Kitambaa ukishakikata vibaya kimekatika, uzi haukatiki kwa kukosea. Halafu kwenye kroshia mara nyingi kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu, kwahiyo mtu akigonga hodi unachomoa sindano unaenda kufungua, ukirudi unaendelea pale pale. Kufuma kwa sindano mbili ni habari nyingine, kule vitanzi vya mstari mzima viko juu ya sindano, ikichomoka utakaa unavifukuzia kimoja kimoja na hasira juu.

Tafuta sindano ya kroshia ya milimita 5, na uzi wa unene wa kati, ulionyooka usio na manyoya manyoya, rangi iliyopauka pauka. Mweusi usiuguse kwa sasa hata kama unaupenda vipi, kwenye uzi mweusi huoni pa kuchomeka sindano, utajiona huna akili kumbe ni rangi tu. Na usome ile karatasi iliyozungushiwa bonge la uzi, watu wengi wanaichana na kutupa, pale ndo wameandika saizi ya sindano inayofaa, uzito (mara nyingi gramu 50 au 100), jinsi ya kufua, na kuna namba ya bechi ya rangi. Mabonge mawili ya rangi moja yenye bechi tofauti yanaweza yakapishana kidogo, ndani ya nyumba huoni, ukija kuweka kazi juani ndo mstari unajionyesha katikati. Chukua yote ya bechi moja tangu mwanzo.

Kingine muhimu, kitu chochote kitakachogusa moto, mfano cha kushikia sufuria, fuma kwa pamba tupu. Akriliki ni jamii ya plastiki, joto likizidi inayeyuka na itakugandia mkononi. Pasi ya moto nayo inaiua, inalegea hairudi tena. Sufu halisi yenyewe adui yake ni maji ya moto pamoja na kusugua, nyuzi zinashikana zinasinyaa, sweta la mtu mzima linabaki la mwanasesere.

Haya sasa kazi ya kwanza. Fuma cheni, yaani vitanzi vinavyopita kimoja ndani ya kingine kama mnyororo. Usifume kitu kingine, cheni tu, mpaka vitanzi vianze kulingana, fumua, rudia. Ukichoka cheni fuma kipande cha mraba cha kufutia vyombo, hicho hata kikienda upande hakuna atakayekihukumu kwenye sinki. Baada ya hapo duara, na duara lina siri yake ndogo, kwa mshono mfupi, ule wa msingi, unaanza na vitanzi 6, raundi ya pili 12, ya tatu 18, ya nne 24, yaani kila raundi unaongeza 6 ukivisambaza sawasawa. Likianza kujikunja kuwa bakuli unaongeza vichache, likianza kufanya mawimbi umezidisha, fumua raundi moja urudie. Weka pini au kipande cha uzi wa rangi nyingine pale raundi inapoanzia, usitegemee kichwa.

Na ukifuata maelezo ya mtandaoni angalia kwanza ni ya Marekani au ya Uingereza maana wanagongana majina, mshono ambao Mmarekani anauita wa moja Mwingereza anauita wa mbili, usipojua utafuma siku nzima halafu unashangaa mbona haifanani na picha.

MtaftaFursa:

Najua mtoa mada katukataza ila siwezi kunyamaza. Unakaa nyumbani, una muda, utajifunza kitu chenye soko, halafu ukifungie ndani? Fungua ukurasa, piga picha nzuri karibu na dirisha, chukua oda, hata tatu kwa wiki sio haba. Starehe bila kipato ni nusu starehe. Nimemaliza, nipigeni mawe.

NyuziZaJioni:

Hatukupigi mawe kaka ila ngoja nikwambie kitu. Mimi nilipita huko. Nilikuwa nafuma jioni kwa raha zangu, watu wakaona wakaanza nifumie na mimi, nikachukua hela. Kuanzia hapo rangi anachagua mwingine, saizi anachagua mwingine, siku ya kumaliza anapanga mwingine, na mimi ambaye nilikuwa nafuma ili nipumzike nikawa nafuma saa sita usiku macho yamevimba, mtu ananiuliza kwani limefika wapi. Nilirudisha hela za watu, nikakaa miezi sijashika uzi. Biashara ya kazi za mikono ni nzuri kwa anayetaka biashara na ina heshima yake, ila aliyeomba kiti cha kupumzikia usimpe ngazi.

Na hesabu yenyewe watu hawaijui. Kufuma kwa sindano mbili kuna mashine tangu zamani sana, Mwingereza William Lee alibuni ya kufumia soksi mwaka 1589, kroshia halisi yenyewe bado ni kazi ya mkono. Maana yake hilo blauzi la kroshia unaloliona linauzwa bei ya kutupa, kuna mtu kakaa chini kalifuma kwa vidole vyake, sasa jiulize kalipwa nini. Unataka mtoa mada akashindane na hiyo bei kwa kazi yake ya kwanza iliyopinda?

MtaftaFursa:

Dada umeniweza. Narudi nyuma hatua mbili. Mbili tu lakini.

HesabuTupu:

Mimi mwanaume, nafuma, na siombi radhi kwa mtu. Bibi samahani kidogo, kuna mahali nataka nikupinge kwa adabu zote. Pale uliposema duara likifanya mawimbi lifumuliwe. Mi nasema USIFUMUE, endelea kuzidisha uone litakufikisha wapi.

Kuna mwanahisabati anaitwa Daina Taimina, mzaliwa wa Latvia, alikuwa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani. Kuna aina ya jiometri inaitwa ya haipaboliki, ni ngumu kuielewa kwa kuchora kwenye karatasi maana karatasi imelala bapa na hiyo sehemu yenyewe inazidi kupanuka kadri unavyoenda pembeni. Watu walikuwa wanaunda modeli za karatasi zilizobandikwa gundi, zinachanika. Mwaka 1997 yeye akachukua sindano ya kroshia na uzi, akaweka kanuni moja tu, kila baada ya vitanzi kadhaa unaongeza kimoja, idadi haibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Basi. Kitu kikaanza kujikunja chenyewe mawimbi juu ya mawimbi, na wanafunzi wakaweza kukishika, kukikunja, kuchora mstari ulionyooka juu yake kwa uzi na kuona unavyoenda. Hisabati ya kushika mkononi. Baadaye, 2005, dada wawili Margaret na Christine Wertheim wakaanzisha mradi wa kufuma matumbawe ya baharini kwa kanuni hiyo hiyo, maana matumbawe mengi kwa asili yana mikunjo ya namna hiyo, na maelfu ya watu sehemu mbalimbali duniani wamefuma vipande.

Mimi nyumbani nina moja, kila vitanzi 3 nimeongeza kimoja. Halifanyi kazi yoyote. Limekaa juu ya kabati, wageni wote lazima waliguse halafu wananiuliza ni nini, na mimi ndo nakuwa nimepata mtu wa kumfundisha jiometri hahaha. Tahadhari tu, uzi unaliwa vibaya mno, vitanzi vinaongezeka kwa kasi, raundi za mwisho mwisho unazunguka mara moja tu muda mrefu umeshaenda.

BibiNyuzi:

Mwanangu HesabuTupu nimekuelewa na nimekusamehe. Ila ajue kwanza kulifanya lilale bapa ndo aamue kuliharibu kwa makusudi 😄

KirakaJuuYaKiraka:

Kila mtu kroshia kroshia, sisi wa viraka hatuna mtetezi humu. Mtoa mada, we umeshasema una kifungo kilichotoka, basi kazi yako ya kwanza iko hapo hapo na vifaa unavyo. Kifungo chako kilitoka kwa sababu (nakisia) ulikibana kikalala kabisa kwenye kitambaa, sasa kila unapofunga shati uzi unavutwa na kusagika. Weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo katikati ya matundu, shona ukipitisha uzi juu ya hiyo njiti, ukimaliza ichomoe, vuta kifungo juu, utaona kimeacha nafasi chini yake, hapo zungushia uzi mara kadhaa kati ya kifungo na kitambaa iwe shingo, kaza fundo kwa nyuma. Hakitoki. Ni dakika chache na kuna raha fulani hapo sijui niieleze vipi, shati lililokuwa limekufa kwa ajili ya kitu kidogo hivyo linarudi kabatini.

Kwangu mimi kilele cha raha ni soksi. Watu wanacheka, wacheke. Chukua balbu ya kioo ya zamani iliyoungua, au mpira mdogo, ingiza ndani ya soksi mpaka chini ya tundu. Jambo la kwanza usivute kingo za tundu zikutane, ukifanya hivyo panakunjamana na ukivaa kiatu utachechemea. Anza mbali kidogo na tundu, pale soksi bado ni nzima, piga bandi ndogo ndogo, ile mishono ya sindano kuingia na kutoka, mstari unaenda, mstari unarudi, ukifika kwenye tundu unaacha uzi uvuke tu hewani unaendelea ng'ambo. Ukishajaza mistari upande mmoja geuza, sasa unapitisha sindano kukatiza ile mistari, juu, chini, juu, chini, mstari unaofuata unaanza chini. Ukimaliza umefuma kitambaa kipya mahali ambapo palikuwa hamna kitu. Usikaze uzi na kila unapogeuza acha kitanzi kidogo sana maana soksi ikifuliwa uzi unaweza kusinyaa. Mimi siku hizi nachagua rangi inayopiga kelele makusudi, soksi ya kijivu kiraka cha njano.

Wajapani wameligeuza hili jambo kuwa sanaa, wanaita sashiko. Zama za Edo (1603 hadi 1868) watu wa vijijini nguo zikichakaa walikuwa wanapandisha tabaka juu ya tabaka na kuzipiga bandi ili zidumu na zitie joto, mara nyingi uzi mweupe kwenye kitambaa cha bluu ya nili. Ilikuwa shida tu iliyowafundisha, urembo ukaja humo humo. Bandi zenyewe ni zile zile anazojua mtoto, siri ni kuzilinganisha urefu na kupakia bandi kadhaa kwenye sindano kabla ya kuvuta uzi. Chora mistari kwa chaki kwanza, twende.

Mdadisi_Kidogo:

Samahani naomba niwe mtu mbaya kidogo. Kila mahali nasoma kufuma kunatuliza akili, kudarizi kunatuliza akili, hivi kuna aliyepima au ni maneno ya wauza uzi?

Msomaji_wa_Usiku:

Kuna waliopima, ila usichangamke sana. Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, Girija Kaimal na wenzake, 2016, walichukua watu wazima 39, wakawapa dakika 45 za kuchora, kufinyanga udongo na kubandika picha, wakawapima mate kabla na baada kuangalia kotisoli, homoni ya msongo. Kwa takriban asilimia 75 ya watu hao ilishuka. Na kilichonifurahisha, uzoefu haukuleta tofauti ya maana, asiyejua kuchora na anayejua wote walifaidika. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha lililokaa tu dakika 45 bila kufanya kitu, kwahiyo huwezi kusema kwa uhakika ni udongo uliotuliza au ni kukaa tu mbali na simu.

Mwingine ni wa 2013, Jill Riley, Betsan Corkhill na Clare Morris, walikusanya majibu ya wafumaji 3,545 kupitia mtandao, wanaofuma mara nyingi zaidi ndo walisema wanajisikia watulivu na wenye furaha. Sasa hapo uliza swali la kijiweni, umeenda kuwauliza wapenda kufuma kama kufuma kunafurahisha, ulitegemea waseme nini? Anayekichukia alishatupa sindano zamani, hayupo kujaza fomu. Mi binafsi naamini kunasaidia, ila naamini kwa vidole vyangu sio kwa hizo karatasi.

Mdadisi_Kidogo:

Jibu safi, nimeshiba. Naenda kutafuta udongo.

KitiChaDirishani:

Jamani sikutegemea haya yote, nasoma hapa nacheka mwenyewe. Kifungo nimekirudisha, njiti ya kiberiti imefanya kazi, asante sana KirakaJuuYaKiraka. Sasa nimeazima sindano ya kroshia na kibonge cha uzi wa krimu kwa jirani na nimekwama, maana kuna kitu sikusema, mimi natumia mkono wa kushoto. Kila picha naona iko kinyume na mikono yangu. Nilazimishe kulia?

BibiNyuzi:

Usilazimishe hata siku moja. Sindano shika kushoto, uzi uongozwe na mkono wa kulia, na kazi yako itakwenda kutoka kushoto kwenda kulia badala ya kulia kwenda kushoto. Maelezo ya maneno mengi yanabaki vile vile, anaposema vitanzi 12 ni 12 kwa mkono wowote. Tatizo ni picha na video, hizo zigeuze, programu nyingi za kuhariri picha zina kitufe cha kugeuza kulia kushoto, au keti ukitazamana na mtu anayetumia kulia umuige, utakuwa unamuona kwenye kioo. Mahali pa kuangalia ni kazi zenye mchoro wa maandishi au picha ndani yake, kwako zitatoka zimegeuka, herufi zitasomeka kinyume. Kwa duara na mraba wala hakuna atakayejua.

KabatiLaVifungo:

Nimesoma wote na nyie mna vipaji, mi sina na sitafuti. Ila aliuliza pia watu wenye amani wanafanya nini, sasa naomba niseme vya kwangu visivyo na sindano. Nina kopo la vifungo, kila nguo inayokufa nakata vifungo vyake naweka mle, na siku nikiwa sijielewi namwaga vyote mezani napanga kwa rangi, kesho yake nikijisikia napanga kwa idadi ya matundu. Havipungui kazi. Kunja nguo zikiwa bado na joto la jua. Kuchonga penseli kwa kisu, sio kwa kichongeo, kisu, polepole mpaka ncha itoke. Kufuta majani ya mmea wa ndani kwa kitambaa kibichi jani moja moja, na hiyo ina faida kweli maana vumbi linazuia mwanga kufika kwenye jani. Kuandika barua kwa mkono na kuipeleka, mtu akiipata anapiga simu kuuliza kama kuna msiba.

Redio iwe inaongea pembeni, sio ya kusikiliza, ya kuongea tu.

Na ukiwa unafanya kazi ya karibu karibu macho yapumzishe, kila dakika 20 angalia kitu kilicho mbali kama mita 6 hivi kwa sekunde 20. Jina lako ni la dirishani, umeshapata pa kuangalia.

NyuziZaJioni:

Nijibu lile la kuacha njiani maana naona limerukwa. Watu wanaacha sio kwa uvivu, wanaacha kwa sababu kitu kiko kabatini ndani ya mfuko ndani ya mfuko mwingine, simu iko mkononi. Sasa badilisha. Pale simu inapolalaga mchana, juu ya mkono wa kochi au wapi, weka kikapu cha kazi. Simu ipeleke chumba kingine na iache na mlio, anayekutafuta kweli atakupigia. Usimkabidhi simu mtu na kuapa viapo, ihamishe tu.

Halafu usimalizie mahali pazuri. Yaani usiseme nimalize mstari huu ndo nilale, acha katikati, sindano ndani, kesho mikono inajua pa kuanzia bila kufikiri, mwanzo mpya ndo unaochosha. Na uwe na kazi mbili, moja ya kijinga isiyotaka akili, cheni au mraba wa kurudia rudia, ya wakati una mawazo au unaongea na watu, na nyingine ya kuhesabu, ya asubuhi ukiwa na kichwa kibichi. Ukiwa na moja tu ngumu utaikimbia, ukiwa na moja tu nyepesi utaichoka. Blanketi usianze nalo, sijali umeona picha gani. Anza na kitu kinachokwisha ndani ya siku moja mbili.

Mpenda_Shuka:

Mimi blanketi nalianza na nalimaliza siku hiyo hiyo.

KitiChaDirishani:

😂😂 We mtu wa shuka utaniua.

Leteni msaada wa mwisho. Uzi wa jirani umeisha na nikakumbuka kuna fulana kuukuu ya pamba, nikasoma mahali kwamba inakatwa inakuwa uzi. Nimeanzia chini nimekata pindo nikatupa, halafu nimekata utepe wa sentimita 3 nikizunguka bila kuukatisha mpaka chini ya makwapa, ukiuvuta unajikunja wenyewe unakuwa kamba ya duara, nilishangaa. Sindano yangu ya milimita 5 haifai, utepe ni mnene, haupiti. Kwahiyo nimefuma cheni kwa vidole vitupu. Sasa cheni imetoka mlangoni imefika kwenye kochi na sijui niifanyie nini.

KirakaJuuYaKiraka:

Izungushe. Anza katikati, kunja kikonokono bapa mezani, kila mzunguko unaushonea ule wa ndani kwa uzi wa kawaida na sindano, kwa upande wa nyuma usionekane. Usikaze ukivuta la sivyo litainuka katikati. Unapata kitu cha kuwekea sufuria, ila hakikisha lebo ya fulana iliandikwa pamba asilimia 100, kama imechanganywa na poliesta weka chini ya vikombe tu.

KitiChaDirishani:

Lebo ilikuwa kwenye shingo, na shingo nimeitupa. Ngoja nikaitafute kwenye ndoo ya taka.

HesabuTupu:

Ukikosa lebo kata kipande, kiunguze kwa kibano juu ya sinki la maji. Pamba inaungua inaacha majivu laini yenye harufu ya karatasi, poliesta inayeyuka inaacha kitonge kigumu cheusi. Watoto wasiwe karibu.

KitiChaDirishani:

Kitonge kigumu. Vikombe basi.